Bafu la jua: shajara ya kambi kutoka Msimbati hadi Mto Ruvuma

Jumamosi, 17 Mei. Mikindani

Mfuko umefika jana na basi la Dar, umekunjwa ndani ya bahasha kama kanga mpya. Plastiki nyeusi ya lita 20, mpira wa urefu wa mkono, koki ndogo, na kichwa cha shawa kisichozidi kiganja cha mtoto. Mjomba alikuwa barazani anamenya ming'oko, viazi pori vya kwetu. Akaupindua, akaunusa, akauliza ni wa kubebea nini.

"Ni bafu, mjomba. Maji yanalala juani mchana, jioni tunaoga ya moto kambini."

"Mtwara hii? Maji ya moto? Kwani nani kaugua?"

Nilicheka, ila swali lake lina uzito. Pwani yetu si ya kukimbizana na joto. Lakini mjomba hajawahi kutoka baharini saa 11 jioni mwezi wa 6, kusi inavuma, ngozi imekauka kwa chumvi, halafu ukamiminiwa maji ya dumu lililoshinda kivulini. Sisi tumeshapitia hayo. Tuko sita: shemeji mwenye Noah, dada yangu ambaye ni nesi, mwalimu wa jiografia na mkewe, jirani fundi simu, na mimi fundi bomba. Mwaka wa pili sasa tunapiga kambi ndani ya mikoa yetu hii miwili, Mtwara na Lindi, na kila safari jambo ni lile lile. Wanaume wanajimwagia kopo mbili wanakimbilia motoni, wanawake wanalala na chumvi yao. Safari ya mwisho mke wa mwalimu alitamka wazi kwamba harudi tena mpaka kuwe na mahali pa kuoga kwa stara. Kwa hiyo kazi ni mbili, joto na pazia. Pazia ni turubai na miti minne, hilo nalijua. Joto ndilo la kujifunza.

Usiku nilipiga hesabu nyuma ya kalenda. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kuipandisha digrii moja kunataka kilojuli 4.2 hivi. Lita 20 kutoka 25 hadi 40 ni kama kilojuli 1,260, yaani uniti 0.35 za umeme. Jua kali la mchana linamwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Mfuko ukilala una robo ya mita ya mraba. Nikisema nusu ya joto inapotea njiani, nabaki na wati 125, na kazi inakwisha kwa saa tatu kasoro.

Kwenye karatasi.

Jumapili, 18 Mei

Jaribio la uani. Nimeulaza mfuko juu ya bati saa 3 asubuhi. Saa 6 yalikuwa digrii 31 tu. Nikahangaika mpaka nikautazama vizuri: una upande mmoja mweusi na mmoja unaoonesha ndani. Mimi niliweka mweusi juu kwa sababu akili inasema cheusi ndicho kinachovuta jua. Kumbe mwanga unatakiwa upite kwenye upande ulio wazi, uvuke maji, ukapige weusi wa chini, ili joto lizaliwe ndani ya maji yenyewe. Ukigeuza, ngozi ya juu inaungua na upepo unaipoza papo hapo, huku maji ya chini hayana habari.

Kipimajoto cha dada hakifai, kinaishia 42. Nimenunua cha mapishi.

Jumamosi na Jumapili, 14 na 15 Juni. Msimbati

Tulipita Madimba, tukaingia kwenye mchanga. Shemeji alipunguza upepo wa matairi kabla hajaambiwa, ndiyo maana tunamvumilia kwa mengine. Kambi chini ya mivinje, mbele bahari, hapo ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo kiingilio kililipwa na sabuni tuliyobeba ni kipande kimoja tu.

Mfuko ulilala kwenye mchanga mkavu kuanzia saa 4, upande wa wazi juu safari hii. Maji yalianza na 26. Saa 9 alasiri yalikuwa 39. Nilipiga mluzi. Watu wakaja kugusa kama wanagusa paji la mgonjwa.

Halafu nikafanya kosa la kwanza. Maji yalikuwa tayari saa 9, watu walikuwa bado baharini. Saa 9 hakuna mtu anayetaka maji ya moto, wanayataka saa 12 na nusu, jua limezama na kusi imeamka. Niliuacha mfuko pale pale, juu ya mchanga, nikaenda kusaidia kuandaa pweza. Jua likishuka mfuko haupokei kitu tena, unatoa tu. Kila kilichopanda tangu asubuhi kilikuwa kinarudi hewani. Saa 12 na nusu yalikuwa 33. Digrii 33 ukisoma kwenye karatasi si mbaya. Kwenye mgongo uliolowa, na upepo ule, ni maji ya baridi yenye jina zuri.

Kosa la pili lilikuja tulipouinua. Lita 20 ni kilo 20, na mshikio wa mfuko ule umechomelewa kwa plastiki nyembamba kama ya mfuko wa sukari. Tulifunga kamba kwenye tawi la mvinje, mwalimu akaingia nyuma ya turubai, tukasikia "paa!" halafu kimya, halafu mwalimu akasema neno ambalo sijawahi kumsikia akisema mbele ya wanafunzi. Mfuko wote ulimshukia. Akatoka akitiririka, akatangaza kwamba yeye ameshaoga.

Nilishona mshikio usiku ule kwa uzi wa nyavu na kipande cha mkanda wa begi, mkanda ukazunguka chini ya mfuko mzima ili uzito ubebwe na kitako. Tangu siku hiyo haujakatika.

La tatu ni maji yenyewe. Ya kisima tulichoelekezwa yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu. Tulioga kwa hayo, tukamalizia kwa lita mbili mbili za maji baridi ya dumu tuliyotoka nayo mjini.

Jumapili, 22 Juni. Mikindani

Fundi bomba akishindwa na plastiki anarudi kwenye bomba. Nimekata PVC ya inchi 4, mita 2, nikaweka kofia kila ncha kwa gundi, tundu la kujazia juu lenye kizibo, koki ya nusu inchi nyuma. Inachukua lita 15 na ushei. Mikono miwili ya rangi nyeusi isiyong'aa, maana inayong'aa inarudisha mwanga. Inakaa juu ya keria ya Noah, inajipasha moto safarini huku sisi tunapiga soga. Niliipenda sana. Naandika hivyo ili nisije nikajidai baadaye kwamba nilikuwa na mashaka.

Fundi simu alishauri tuweke valvu ya tairi, tuijaze upepo kwa pampu ya baiskeli ili maji yatoke kwa nguvu. Nimekataa. Bomba la PVC likipasuka na maji ndani linavuja. Likipasuka na hewa iliyobanwa linatoa vipande kama chupa iliyorushwa, na vipande hivyo vinakwenda usoni kwa mtu. Na PVC yenyewe inalegea kadiri inavyopata moto. Maji yashuke kwa uzito wao, mita moja ya urefu inatosha kusukuma shawa.

Jumamosi hadi Jumatatu, 5 hadi 7 Julai. Newala

Likizo ya Sabasaba. Tulijaza bomba alfajiri Mtwara, maji digrii 25, tukapanda kwa njia ya Nanyamba na Tandahimba. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope, mikorosho kushoto na kulia, watu wako mashambani wanapambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Tulifika saa 8 mchana. Nilipanda kwenye keria kabla sijanyoosha miguu.

Digrii 30.

Safari nzima juani, digrii tano. Nilikaa juu ya gari kama kuku aliyenyeshewa, nikifikiri, mpaka shemeji akauliza kama nina mpango wa kushuka. Jibu lilikuwa limenipiga usoni njia nzima: upepo. Gari likienda, hewa inalipuliza bomba lile mfululizo, na kila ambacho jua linaweka upepo unachukua. Mtu akinywa chai ya moto anafanya nini? Anaipuliza. Mimi nilipuliza chai yangu kilomita zote zile.

Tuliegesha pembeni, jua likiwa limeshainama. Saa 10 yalifika 33. Saa 1 usiku, Newala ya mwezi wa 7, juu ya uwanda, ubaridi unaingia hadi kwenye meno, yalikuwa 28. Mke wa mwalimu aliyaonja kwa kidole, akaenda kuinjika sufuria kwenye mkaa. Hakuna aliyemlaumu.

Hata hivyo Newala ilinifundisha jambo lingine ambalo sikulifuata. Uwanda wa Makonde hauna maji juu. Ardhi yake inanyonya mvua kama sifongo, na chemchemi zinatokea chini huko mabondeni. Wazee wanasimulia jinsi wanawake walivyokuwa wakishuka ukingo wa uwanda na kupanda tena na mtungi kichwani, na mpaka leo nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia maji ya mvua uani. Ukisimama Shimo la Mungu ukatazama chini, bonde la Ruvuma lote liko mbele yako mpaka Msumbiji, unaelewa safari ile ilikuwa ya namna gani. Mahali kama hapo huwezi kuwaambia watu umekuja na chombo cha kumwagia lita 20 mgongoni.

Bibi mwenye uwanja tuliopiga kambi alikuja kutazama bafu.

"Hilo linakula maji kiasi gani, mjukuu wangu?"

Nikapima mbele yake kwa ndoo na simu: lita 3 kwa dakika, koki ikiwa wazi. Akaguna. Akaenda kuoga kwake kwa ndoo na kopo, na kwa kuwa tulikuwa tumeshaingia kwenye mambo ya vipimo, alipotoka akatuonesha kilichobaki. Alitumia lita 4 na nusu, nywele ndani yake. Mwalimu chini ya shawa, bila kufunga koki, alitumia 14.

Kwa hiyo nasema hapa bila kuzungusha: anayedai shawa ya kambi inaokoa maji kuliko kopo hajawahi kumwona bibi wa Newala akioga. Shawa inashindana na kopo pale tu koki inapofungwa wakati wa sabuni. Nusu dakika ya kulowa, funga, jisugue, dakika moja na nusu ya kusuuza. Hapo ni lita 6. Tumeweka sheria, na koki nimeihamishia chini karibu na kichwa cha shawa ili mkono usiwe na kisingizio.

Jumatano, 16 Julai. Feri, Mtwara

Nilikwenda kununua changu, nikarudi na mradi mpya.

Mchuuzi alikuwa anapanga samaki kwenye yale maboksi meupe mepesi yanayosafirishwa na barafu. Nikamuuliza barafu inakaa muda gani humo. "Ukilifunga vizuri, hata kesho unaikuta." Nikasimama pale nimeshika samaki mkiani. Kinachozuia joto lisiingie kwenye barafu kitazuia joto lisitoke kwenye maji. Boksi halijui ndani kuna nini. Wiki tatu nimekuwa nikitafuta jua zaidi, na jua lilikuwepo tele tangu Msimbati, tena lilinipa 39 bila jasho. Nilichokosa ni mahali pa kulifungia.

Nimepata boksi pana lenye kina kifupi, kifuniko kimevunjika, kwa bei ya kirafiki na ahadi kwamba siku moja nitamtengenezea bomba lake linalovuja. Harufu ni kazi nyingine. Limeoshwa kwa ndimu, jivu, sabuni ya unga, na bado paka wa jirani analifuata.

Jumapili, 27 Julai. Mikindani

Lilivyo sasa: boksi limepakwa rangi nyeusi ya maji ndani (rangi ya mafuta inalila boksi, niliharibu kona moja kabla sijajua). Mfuko unalala humo umetandazwa, umenyooka. Juu, fremu ya mbao yenye nailoni ngumu inayopitisha mwanga, mbili, zimeachana kwa unene wa kidole. Nailoni inaruhusu jua kuingia na inazuia upepo kugusa mfuko. Hayo tu ndiyo maajabu yake.

Na hapa pana bahati ya kwetu ambayo nilichelewa kuiona. Majira ya kusi jua la mchana limeegemea kaskazini, na upepo unatoka kusini. Ukiinamisha boksi litazame kaskazini, uso unapokea jua na mgongo unapokea upepo. Tofali moja chini ya upande wa kusini, basi. Mwalimu alitaka kunieleza kwa nini, na mchoro, nikamwachia achore kwenye mchanga na watoto wa mtaa wakamsikiliza kuliko mimi.

Nimejaza lita 12 tu badala ya 20. Maji machache yaliyotandazwa yanapata moto zaidi, na ukishakuwa na moto sana unachanganya na baridi. Lita 12 za digrii 50 na lita 8 za digrii 25 zinakupa 20 za digrii 40. Matokeo ni yale yale, ila boksi halibebi uzito wote.

Saa 3: 25. Saa 6: 41. Saa 8: 51. Saa 9: 53. Hapo nikafunika: nailoni nje, godoro la zamani la mtoto juu, mkeka, jiwe. Saa 1 usiku nikafunua. 47.

Mvuke ulitoka. Mvuke! Nikamwita mjomba. Aliingiza kidole akakitoa haraka, akasema sasa haya yatamchoma mtu. Kweli, na ndiyo sheria ya pili: hakuna kuoga moja kwa moja kutoka kwenye boksi. Changanya, pima, ikizidi 42 ongeza baridi, mtoto asisogelee.

Sheria ya tatu ni ya dada: maji ya uvuguvugu yakilala siku nyingi kwenye plastiki yanakuwa shamba la vijidudu. Baada ya kila kambi mfuko unamwagwa, unaning'inizwa kichwa chini mpaka ukauke. Na hakuna kunywa, hata kama kiu imemshika mtu.

Ijumaa hadi Jumapili, 8 hadi 10 Agosti. Mto Ruvuma, upande wa Kilambo

Nane Nane wenzetu wamekwenda viwanja vya Ngongo, Lindi. Sisi tumeteremka mtoni.

Mwenyekiti wa kijiji alitupa mahali, mbali na maji, na onyo ambalo hakulilazimisha kwa sababu halihitaji: mamba wapo, viboko wapo, msioge mtoni. Kwa hiyo bafu halikuwa anasa safari hii.

Kijana wa kijijini alituchotea maji mahali pao pa kuchotea. Nilikuwa nayaingiza kwenye mfuko moja kwa moja wakati dada aliponishika mkono.

"Kaka, umefikiria kichocho?"

Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimefikiria mamba. Akanieleza kwa lugha ya zahanati. Vimelea wanatoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia, wanaelea, wakikuta ngozi ya mtu wanapenya ndani ya dakika chache. Hawakuulizi kama umeingia mtoni au mto umekufuata ndani ya dumu. Maji yakichotwa na kuwekwa siku mbili, bila konokono ndani, wanakufa wenyewe kwa kukosa mtu. Au uyafikishe digrii 50 na yakae hapo dakika 5.

Nilimwangalia, nikaliangalia boksi. Lile lilikuwa linafika 53 juu ya bati la Mikindani.

Siku ile tulikuwa na madumu mawili ya maji ya mjini, tukayahifadhi ya kunywa. Boksi likatazama kaskazini saa 3 na nusu, lita 12 za mto, tumezichuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Kwa mara ya kwanza nilikaa na kipimajoto si kwa sababu ya raha ya mtu. Saa 7: 46. Wingu likapita, likakaa, nikalitukana kimoyomoyo. Saa 8: 48. Saa 9 kasorobo: 51. Tukahesabu si dakika 5, tukahesabu 20, na kila baada ya dakika chache nikautikisa mfuko ili pasibaki pembe yenye maji baridi. Kisha godoro, mkeka, jiwe.

Jioni nusura niharibu kila kitu. Nilifungua boksi, maji 46, nikachukua ndoo ya maji baridi ya mto nikiwa tayari kuchanganya. Ndoo ilikuwa imeshainama. Dada hakusema neno safari hii, alinitazama tu. Saa tano za jua, halafu nimimine vimelea wabichi juu yake ili mtu asiungue! Tulikwenda kuchukua dumu moja la maji ya mjini, tukachanganya kwa hilo, tukanywa kidogo usiku ule. Asubuhi yake tulijaza madumu manne ya mto, tukayafunga na kuyaandika kwa makaa tarehe na saa. Hayo ndiyo ya kuchanganyia ya safari ijayo, yatakuwa yamelala siku mbili na zaidi. Kama ningefikiri mapema, dumu la kwanza lingechotwa wiki moja kabla.

Kuhusu kumwagia. Nimeachana na kuning'iniza. Mtoni hapakuwa na tawi la maana, na kilo 20 juu ya kichwa cha mtu sijazisahau tangu Msimbati. Shemeji alikuja na bomba lake la mgongoni la kupulizia mikorosho: lina pampu ya mkono, mpira, mshale mrefu, "toa pua weka shawa, umemaliza." Wazo lake ni zuri kuliko yote yaliyotolewa mwaka huu na chombo chake ni kibaya kuliko vyote. Plastiki iliyokaa na dawa misimu minne haisafishiki, hata uioshe mara saba na mchanga. Aliona nimemdharau, tukanuniana mpaka chakula cha mchana. Lakini nilikuwa nimeshanunua jipya la lita 16, halijawahi kuona dawa, na nimelipaka mstari mweupe na neno KUOGA pande zote mbili ili lisije likaazimwa kwenda shamba.

Maji yanachanganywa ndani ya ndoo, yanapimwa 40, ndiyo yanaingia kwenye bomba, maana sitaki kuilegeza plastiki yake kwa maji ya 50. Unapiga pampu mara kumi, linakaa kwenye kigoda nje ya turubai, mpira unapita chini, anayeoga anabana mkono wa mshale. Ukiachia, linajifunga lenyewe. Ile sheria ya koki imekuwa haina haja ya polisi. Tulipima: mke wa mwalimu, nywele ndani yake, lita 5 na nusu. Lita moja nyuma ya bibi wa Newala.

Maji machafu yalikwenda kwenye shimo la changarawe tulilochimba mbali na mto na mbali na mahema.

Mke wa mwalimu alikaa nyuma ya turubai muda mrefu kuliko sote. Alipotoka hakusema kama amerudi rasmi kwenye msafara. Aliuliza tu kama ya kesho yatakuwepo saa ile ile.

Jumamosi, 23 Agosti. Mikindani

Hali ya vyombo. Mfuko mzima, mshono unashika. Nailoni ya ndani imeanza kukunjamana kwa joto, nitaweka kioo chembamba safari ambazo hakuna barabara mbaya, yaani pengine hakuna. Bomba la inchi 4 nimelishusha kwenye keria, sasa ni bomba la maji ya mvua nyumbani kwa shemeji, tumepatana. Kona ya boksi niliyoichoma kwa rangi ya mafuta imepanuka, nimeziba kwa foronya kuukuu na gundi, inavuja joto kidogo. Jana saa 9 yalifika 52, saa 1 usiku 44. Wiki nne zilizopita yalikuwa 47.

Madumu manne ya Ruvuma niliyamwaga. Yalilala wiki mbili bila safari, yakaota utelezi wa kijani ndani. Kichocho kitakuwa kimekufa zamani, ila sikutaka kumwelekeza mtu ayaoge.

Safari ijayo ni Kilwa, mwezi wa 10, kabla Noah haijaingia kwenye kazi ya korosho. Karibu na tarehe 20 mwezi huo jua la mchana linapita utosini kwetu, kwa hiyo boksi litalala bapa na tofali litabaki nyumbani. Mchuuzi wa feri ananiwekea boksi la pili lenye kifuniko kizima. Kesho saa 1 asubuhi naenda kulitengeneza lile bomba lake.